Edge au Chrome kwenye kompyuta ya dukani: jibu kwa msomaji wa Morogoro

Swali

Salamu kaka. Nina duka dogo la steshenari na uchapaji hapa Morogoro. Kompyuta yangu ilikuwa ya Windows 10, nikasikia haipewi tena masasisho, basi nikanunua mpakato iliyotumika yenye Windows 11 na RAM ya GB 8. Shida yangu ni kivinjari. Kila kiungo nikibofya, cha WhatsApp au cha barua pepe, kinafunguka kwenye Edge. PDF nazo hivyohivyo. Nikienda kupakua Chrome naletewa ujumbe wa kunibembeleza nibaki nilipo. Fundi wangu anasema Edge kazi yake ni kupakulia Chrome tu, lakini mwenzangu mwenye duka jirani anaitumia na hana malalamiko. Nywila na alamisho zangu zote ziko Chrome, na kwenye simu natumia Chrome kwa Gmail ileile. Wateja wangu wengi ni wanafunzi na watu wanaoomba mikopo, vyeti na leseni mtandaoni. Je, nihamie Edge au nirudi Chrome? Na ipi haili bando? Kompyuta ya zamani nataka kumpa mdogo wangu aliye chuo.

Jibu

Dada, kwa duka lako ningekushauri utumie zote mbili, kila moja na kazi yake. Edge iache ibaki kivinjari chaguo-msingi, yaani kile kinachofungua viungo, lakini isiwe na nywila yako hata moja ndani yake. Chrome isakinishe, iwe yako peke yako, na uifungue mwenyewe pale tu unapofanya mambo yako. Mtu anayetumia kompyuta peke yake nyumbani ningemjibu vingine. Wewe una wateja wanaokaa kwenye kiti chako, na hilo ndilo lililoniongoza.

Nianze na neno la fundi wako, kwa sababu lina historia. Windows ilikuja na Internet Explorer tangu miaka ya tisini. Toleo la 6 lilitoka mwaka 2001, na watu wakasubiri hadi 2006 kupata la 7. Katika miaka hiyo kivinjari kilidumaa, kikawa na matundu mengi ya usalama, na watu wakazoea kukifungua mara moja tu ili kupakua kingine: kwanza Firefox iliyotoka mwaka 2004, baadaye Chrome iliyokuja mwaka 2008. Windows 10 ilipoingia mwaka 2015 Microsoft ilileta Edge ya kwanza ikiwa na injini yake yenyewe, yaani sehemu inayozisoma na kuzionyesha kurasa. Haikufika mbali, kwa sababu waundaji wengi wa tovuti walikuwa wakizijaribu kazi zao kwenye Chrome na kuishia hapo. Fundi aliyejifunza kazi nyakati hizo ana haki ya kuishuku.

Lakini Edge unayoiona leo si ile. Desemba 2018 Microsoft ilitangaza kwamba inaiacha injini yake, na tarehe 15 Januari 2020 ikatoa Edge mpya iliyojengwa juu ya Chromium. Huo ni mradi wa msimbo huria ulioanzishwa na Google, na ndio msingi wa Chrome yenyewe. Brave, Opera na Vivaldi nazo zimejengwa juu ya msingi huohuo. Kwa hiyo unapomsikia mtu akisema tovuti fulani inakubali Chrome lakini inakataa Edge, mara nyingi sababu iko kwingine: dirisha ibukizi limezuiwa, au vidakuzi vya zamani (faili ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari ili ikukumbuke) vimekwama, au kiendelezi fulani (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) kinaingilia. Kabla hujamwita fundi bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Litafunguka dirisha la faragha, na hapo ujaribu tena ukurasa uleule. Ukikubali humo, basi kivinjari ni kizima na tatizo liko kwenye vitu kilivyovihifadhi. Futa vidakuzi vya tovuti hiyo, utaendelea na kazi.

Kuna jambo moja ambalo Edge inalo na Chrome haina: uwezo wa kufungua mifumo ya zamani ya ofisi iliyojengwa kwa ajili ya Internet Explorer. Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, ila ndani ya Edge kuna hali maalumu ya kuiga kazi yake, na Microsoft imeahidi kuidumisha angalau hadi mwaka 2029. Ukipata mteja kutoka ofisi yenye mfumo wa namna hiyo, Edge itakufaa.

Kasi isikusumbue. Kwa RAM ya GB 8 hutaona tofauti ya maana kati ya hizi mbili. Zote hutenganisha tovuti katika michakato tofauti, ili tovuti moja ikiharibika isiangushe nyingine wala kuchungulia taarifa zake, na ndiyo maana zote hula RAM nyingi. Zote pia zina uwezo wa kuvilaza vichupo ulivyoviacha muda mrefu. Siku kompyuta ikianza kuwa nzito, bonyeza Shift na Esc ukiwa ndani ya Edge au Chrome. Litatokea jedwali linaloonyesha kila kichupo na kila kiendelezi kinatumia kumbukumbu kiasi gani, na utamjua mlaji kwa jina lake. Mara nyingi utakuta ni kichupo kimoja cha video au kiendelezi ambacho hata hukumbuki ulikiweka lini.

Kuhusu kubembelezwa, ujue kwamba nafasi ya chaguo-msingi ni mali yenye bei. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilifahamika kwamba mwaka 2022 peke yake Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili injini yake ya utafutaji iwe ndiyo inayokuja tayari ndani ya Safari. Kampuni haiwezi kulipa fedha kama hizo bila kujua kwamba watu wengi hawabadilishi kile walichokikuta. Microsoft nayo inalijua hilo, na ndiyo sababu unaletewa ule ujumbe ukifika kwenye ukurasa wa Chrome. Haimaanishi kwamba Chrome ina hatari. Puuza, endelea kupakua. Hakikisha tu umeipakua kutoka tovuti ya Google yenyewe, maana matangazo yanayotokea juu ya matokeo ya utafutaji yanaweza kukupeleka kwenye nakala za uongo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, wateja wako na nywila.

Fikiria mwanafunzi amekuja kuomba mkopo. Anakaa, anaingiza jina lake la mtumiaji na nywila, anabofya kuingia. Juu kulia kinatokea kisanduku kidogo kinachouliza kama kivinjari kihifadhi nywila hiyo. Ana haraka, foleni iko nyuma yake, anabofya ndiyo bila kusoma. Anamaliza, analipa, anaondoka. Wiki ijayo anakuja mwingine na kufungua ukurasa uleule. Akigusa tu kisanduku cha jina, majina ya waliomtangulia yanashuka kama orodha, na akichagua moja, nukta nyeusi za nywila zinajaa zenyewe kwenye kisanduku cha chini. Kubofya mara moja zaidi, yumo ndani ya akaunti ya mtu mwingine, na humo kuna namba ya NIDA, namba ya mtihani, akaunti ya benki na majina ya wazazi. Wala hakuhitaji kuwa mwizi mwenye ujuzi. Kompyuta ya duka ndiyo iliyompa.

Upande wako hatari ni hiyohiyo. Ukiweka akaunti yako ya Google ndani ya kivinjari ambacho wateja wanakitumia, kila anayekaa hapo yuko mbofyo mmoja kutoka barua pepe yako. Na mwenye barua pepe yako ana njia ya kuomba kubadilisha nywila ya karibu kila kitu ulichokisajili kwa anwani hiyo. Nywila zilizohifadhiwa nazo zinaweza kufunguliwa na kusomwa waziwazi. Kivinjari huomba kwanza PIN au nywila ya Windows, lakini kama kompyuta yako inawaka moja kwa moja bila PIN, hakuna kizuizi cha maana. Hili nalisisitiza kwa sababu duka la steshenari ndilo mahali ambapo watu wengi wa nchi hii hukutana na huduma za serikali mtandaoni, na wanakuachia nyaraka zao kwa imani. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa zinazopita mezani kwako kila siku ndizo sheria hiyo inazozizungumzia.

Ndiyo maana nasema Edge iwe tupu. Fungua mipangilio yake kwa kuandika edge://settings kwenye kisanduku cha anwani. Kwanza angalia sehemu ya wasifu. Kama uliiwasha Windows kwa akaunti ya Microsoft, huenda Edge imeshajiingiza humo yenyewe, basi zima usawazishaji, yaani kunakili nywila na historia yako kwenye akaunti hiyo. Pili, zima pendekezo la kuhifadhi nywila, na uzime pia kujaza kiotomatiki anwani na kadi za malipo. Tatu, nenda kwenye faragha, utafute mahali pa kuchagua data ya kufutwa kila unapofunga kivinjari, uwashe historia, vidakuzi, na faili za muda. Nne, angalia sehemu ya kuingiza data kutoka vivinjari vingine, uzime kile kinachoruhusu Edge kuchukua data ya Chrome kila inapofunguka. Hicho usikiache, maana kinaweza kubatilisha kazi yote uliyoifanya.

Kwa wateja wenyewe tengeneza njia ya mkato kwenye skrini. Bofya kulia njia ya mkato ya Edge, ingia kwenye sifa zake, na mwisho wa mstari unaoonyesha programu ilipo, nje ya alama za nukuu, acha nafasi kisha ongeza --inprivate. Ipe jina WATEJA. Kila ikibofywa, itafungua dirisha la faragha moja kwa moja. Mteja akimaliza, funga dirisha lile mbele yake. Madirisha yote ya faragha yakishafungwa, vidakuzi vyake vimeondoka na akaunti zake hazikumbukwi. Sharti ni hilo la yote: ukiacha dirisha moja la faragha wazi pembeni, mteja anayefuata anaweza kukuta bado yumo ndani ya akaunti ya mwenzake.

Lakini dirisha la faragha lina mpaka wake, na hapa ndipo maduka mengi yanapoteleza. Faili zilizopakuliwa hazifutwi. Fungua sasa hivi folda ya vipakuliwa kwenye kompyuta yako ya zamani, nina hakika utakuta vyeti vya kuzaliwa, barua za udahili, wasifu wa kazi, picha za pasipoti na taarifa za benki za watu ambao hata sura zao umezisahau. Jiwekee utaratibu wa kuisafisha kila jioni kabla ya kufunga duka, pamoja na pipa la taka. Windows 11 pia ina uwezo wa kufuta yenyewe faili zilizokaa muda kwenye folda hiyo. Utaupata kwenye mipangilio ya hifadhi, ila mimi napendelea mkono wa mwenye duka, kwa sababu kuna nyaraka za mteja atakayerudi kesho. WhatsApp ya kompyuta nayo ina faili zake za peke yake, usiisahau.

Sababu ya pili ya kuiacha Edge kuwa chaguo-msingi ni hivyo viungo vya WhatsApp. Siku nzima wateja wanakutumia viungo: fomu, matangazo ya kazi, faili za kuchapa. Baadhi vinatoka kwa watu usiowajua, na baadhi yao wametumiwa na watu wasiowajua wao. Chaguo-msingi ikiwa Chrome yako, kila kiungo cha mtu kinafunguka mahali ambapo Gmail yako, na pengine huduma yako ya benki, ziko wazi. Kikifunguka kwenye Edge tupu, ukurasa wa kitapeli hauna akaunti ya kuichezea. Kinga hii haikuzuii kupakua programu mbaya kwa mkono wako, hilo bado linabaki juu yako: fomu ya maombi haiji kama faili la kusakinisha, likimalizika kwa exe lifute. Na ukurasa wowote unaokurukia katikati ya kusoma ukisema kivinjari chako kimepitwa na wakati, bofya hapa kusasisha, ufunge. Sasisho la kweli linapatikana ndani ya kivinjari chenyewe, kwa edge://settings/help au chrome://settings/help, na hujiweka lenyewe.

Chrome yako sasa. Isakinishe, ingia kwa Gmail yako, washa usawazishaji, na nywila na alamisho zako zitashuka zenyewe kutoka kwenye akaunti. Ndiyo sababu nyingine sikushauri uhamishie mambo yako Edge: simu yako iko Chrome. Ukianza kuhifadhi nywila mpya Edge kwenye kompyuta, simu haitazijua, na utajikuta na nusu huku na nusu kule, kila siku unabofya umesahau nywila. Kabla ya yote, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, uiwekee Windows PIN, na uiondoe alama ya Chrome kwenye ule mstari wa chini wa skrini ili mteja asiibofye kwa mazoea. Ukiweza, fungua akaunti mbili za Windows kabisa, moja yako na moja ya duka isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu. Hiyo ndiyo njia bora kuliko zote nilizotaja, na ningeanza nayo kama ungeniambia kwamba una msaidizi anayebaki dukani usipokuwepo.

Faida moja ya nywila zilizohifadhiwa Chrome watu hawaifahamu. Kivinjari hujaza nywila kwenye anwani ileile tu ulipoihifadhi. Siku ukifungua ukurasa unaofanana kabisa na wa benki yako lakini Chrome haikupendekezei nywila, simama, usome anwani herufi kwa herufi. Huenda uko kwa tapeli. Huduma za serikali yetu zinaishia na .go.tz. Ziweke kwenye alamisho, usizitafute upya kila siku kwa kuandika jina na kubofya tokeo la kwanza.

Fundi anaweza kukuambia njia ya haraka ni kuzitoa nywila kwenye faili la CSV na kuziingiza upande wa pili. Kwako haina haja, kwa kuwa akaunti inafanya kazi hiyo. Nalitaja kwa sababu nimeona faili hizo zikiachwa hovyo. Lifungue kwa Excel, utaona jina la tovuti, anwani, jina la mtumiaji, na pembeni yake nywila yenyewe imeandikwa wazi kama orodha ya bei za vifaa. Mtu akilibeba kwenye flashi, amebeba maisha yako. Ikitokea siku lazima ulitumie, lifute papo hapo na usafishe pipa la taka.

Je, kati ya Microsoft na Google nani anakuheshimu zaidi? Mwaka 2020 Profesa Douglas Leith wa Trinity College Dublin alilinganisha taarifa ambazo vivinjari sita hutuma kwa wenyewe vikiwa na mipangilio ya mwanzo. Brave ilitoka ya kwanza kwa usiri, Chrome, Firefox na Safari zikawa katikati, Edge na Yandex zikawa za mwisho, kwa kuwa zilituma kitambulisho kilichofungamana na kifaa chenyewe. Vivinjari hubadilika, na huo ulikuwa mwaka 2020, lakini hata leo ningekuomba upitie mipangilio ya faragha ya Edge na kuzima utumaji wa data ya hiari pamoja na matangazo yanayokufuata. Google nayo inaishi kwa matangazo. Kwa hiyo sikuchagulii Chrome kwa sababu ya usiri. Nakuchagulia kwa sababu nywila zako na simu yako tayari ziko huko, na kuhama bila faida ni kujitafutia usumbufu.

Ukitaka kivinjari chenye injini tofauti na hizi zote, kipo Firefox cha Mozilla. Mimi nakipenda, na nakitaja hasa kwa sababu ya bando.

Katika bando, tofauti ya Edge na Chrome zenyewe kwa zenyewe ni ndogo. Kinachokula ni vinavyozunguka. Ukifungua kichupo kipya cha Edge unaletewa ukurasa wa habari wenye picha tele, na kila kichupo kipya unauleta tena. Bofya alama ya gurudumu pembeni ya ukurasa huo, uzime habari, ubaki na kisanduku cha kutafutia. Video zinazojicheza zenyewe nazo zinaweza kudhibitiwa kwenye ruhusa za tovuti. Halafu Windows: ukitumia intaneti ya simu yako, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, uchague mtandao huo, uuweke kwenye hali ya muunganisho unaopimwa. Hapo Windows itapunguza kujipakulia masasisho makubwa bila kukuuliza. Angalia pia kama OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, haipandishi picha za wateja mtandaoni kimyakimya, jambo ambalo ni hasara ya bando na ya faragha kwa pamoja. Masasisho yenyewe usiyazime kabisa. Yapakue usiku, kama mtandao wako una bando la bei nafuu saa hizo.

Kizuia matangazo ndicho kinachookoa zaidi, maana kwenye tovuti nyingi za habari na za kupakulia, matangazo na vifuatiliaji vina uzito kuliko maandishi uliyoyafuata. Kinachosifika kuliko vyote ni uBlock Origin. Mwaka 2024 Chrome ilianza kuvizima viendelezi vya mfumo wa zamani, na hiki kikiwemo. Kilichobaki huko ni toleo jepesi, uBlock Origin Lite, linalofanya kazi nzuri ingawa lina uwezo mdogo. Firefox imeendelea kulikubali toleo kamili. Ndiyo sababu mtu anayehesabu kila MB ningempa Firefox bila kusita. Kwa dirisha la wateja, kumbuka kwamba viendelezi huwa vimezimwa kwenye hali ya faragha mpaka uviruhusu, basi ukisakinisha uBlock Origin Lite kwenye Edge, ingia kwenye orodha ya viendelezi uiruhusu humo pia. Usiongeze kiendelezi kingine chochote. Kila kiendelezi ni jicho lingine juu ya kurasa za wateja.

Mtu akilalamikia utafutaji wa Edge, mwambie kinachomkera pengine ni Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft. Injini ya utafutaji hubadilishwa kwenye mipangilio kwa dakika moja, na Edge itatafuta kwa Google kama kawaida.

PDF zibaki Edge. Inazifungua haraka, inakubali kujaza fomu za kawaida na inachapa vizuri. Fomu chache zenye vitufe na hesabu ndani yake hugoma, kwa hizo weka Adobe Reader pembeni. Kwenye mipangilio ya programu chaguo-msingi za Windows 11 unaweza kuipa PDF programu yake na viungo programu yao. Usishangae pia kwamba ukitafuta kitu kupitia menyu ya kuanzia ya Windows, matokeo ya mtandaoni yanafunguka Edge hata kama umechagua kivinjari kingine. Ndivyo ilivyotengenezwa kwa nchi zetu. Umoja wa Ulaya umewalazimisha Microsoft kulegeza kwa sheria yao ya masoko ya kidijitali, na huko mtu anaweza hata kuiondoa Edge kabisa.

Kuna zawadi moja ya Edge nataka uijue kwa ajili ya kazi yako ya uchapaji. Fungua PDF au ukurasa wenye maandishi ya Kiswahili, bonyeza Ctrl, Shift na U, nayo itakusomea kwa sauti. Katika orodha ya sauti wamo Daudi na Rehema wa Tanzania, na Zuri na Rafiki wa Kenya, na wanasoma Kiswahili cha kueleweka. Inahitaji intaneti. Ukimaliza kuchapa ripoti ya mteja au risala ya harusi, igeuze kuwa PDF uisikilize huku ukifuata kwa macho. Neno lililorukwa na herufi iliyojirudia, ambavyo jicho lililochoka hupita juu yake, sikio huvikamata. Nywila za wateja na barua za siri usizisomeshe, kwa kuwa maandishi hupelekwa mtandaoni ili sauti itengenezwe.

Wasomaji wengine wenye kompyuta ya nyumbani isiyoguswa na wageni, ninyi chagueni kimoja mkae nacho. Mwenye simu ya Android na Gmail atapata raha Chrome. Mwenye kazi ya ofisini yenye akaunti ya Microsoft atapata raha Edge. Anayejali bando na faragha kuliko vyote achukue Firefox. Waliobaki na Windows 7 wajue kwamba Chrome iliishia toleo la 109 kwao mapema mwaka 2023. Mozilla iliendelea kuitunza Firefox 115 kwa ajili yao muda mrefu baada ya hapo, lakini mfumo wenyewe hauna tena kinga, msiingize benki humo.

Na kompyuta unayompa mdogo wako, dada. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft imeweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha. Mwambie aangalie kama mashine yake inakubaliwa, na kama inaweza kupanda Windows 11. Kabla hujamkabidhi, hakikisha kwanza kwenye Chrome ya kompyuta mpya kwamba alamisho na nywila zako zimefika zote. Fungua tatu au nne ujaribu kuingia. Ukisharidhika, rudi kwenye ya zamani, uhamishe nyaraka zako, kisha uirejeshe Windows upya kwa kuchagua kufuta kila kitu. Kusanidua Chrome peke yake hakutoshi, maana data hubaki kama hukuweka alama ya kuifuta, na folda ya vipakuliwa haiguswi kabisa. Mwisho ingia kwenye akaunti yako ya Google kwa simu, fungua usalama, tazama orodha ya vifaa, na uiondoe kompyuta hiyo. Ukikuta humo kifaa kingine usichokitambua, kiondoe pia na ubadilishe nywila siku hiyohiyo.